Dadu Ilionyesha Sita

— Mtu wako ataka nini?

Mung'aro aliuliza bila kuinua macho kwenye daftari. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri swali lilikuwa hilo hilo, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa dadu kabla ya kulijibu. Ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya Safari.

Safari ulikuwa mchezo wa mdomo. Kitabu chake kiliachwa na baharia mmoja katika ofisi ya kutoa mizigo kule Kilindini, ambako Mung'aro alikuwa karani. Alikisoma, nusu akaitupa, nusu akaigeuza ikawa yake. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni. Mung'aro, msimulizi, alieleza njia na hatari zake. Mchezaji akasema mtu wake afanya nini. Kisha dadu ikarushwa ndani ya sinia ya shaba, ikaamua. Moja, umeangamia. Sita, umeokoka, hata kama simba keshafungua kinywa.

Walichezea ghorofani kwa kina Abdulkadir, Mji wa Kale, juu ya duka la udi la baba yao.

— Mtu wangu ataka alichotaka juma lililopita, alisema Abdulkadir, fundi wa redio, huku akitafuna kaimati. — Ngamia wawili, kivuli, na msimulizi asiyenuna.

— Mganga wangu ataka kumponya mfalme, alisema dadake, Nabiha, aliyekaa karibu na mlango. — Halafu mfalme amwombe radhi mbele ya watu.

— Jared?

Jared alikuwa mgeni wa mwezi mmoja, kijana wa Kisumu aliyefanya kazi bohari moja na Kache huko Mbaraki. Kache ndiye aliyemleta.

— Askari wangu anataka kumfikisha mchora ramani nyumbani salama.

Kalamu ya Mung'aro ilisimama. Mchora ramani alikuwa mtu wa Kache.

— Nani kamwomba?

— Hakuna. Ni matumaini yake tu. Si hayo uliyouliza?

Nabiha alikohoa ili asicheke.

— Na wewe, Kache?

Kwa miaka miwili Kache alikuwa na jibu moja: mchora ramani ataka kuufikia mji ambao haumo katika ramani yoyote. Na kwa miaka miwili Mung'aro alikuwa akimjengea mji huo daftarini, mtaa kwa mtaa, dirisha kwa dirisha. Hakuwahi kumwambia kwamba ampenda. Aliona hapana haja. Mtu akijengewa mji mzima, aambiwe nini tena?

Leo Kache alikuwa akizungushazungusha pindo la leso yake.

— Mchora ramani wangu amechoka na miji, alisema. — Ataka mlango mmoja tu. Ugongwe, naye aulizwe kama yumo.

— Aulizwe na nani?

— Na yeyote mwenye mkono.

Wakati huo huo Jared aliisogeza sahani ya kaimati mbele ya Kache. Jambo dogo. Lakini Mung'aro aliuona ule mkono, na damu ikampanda mpaka masikioni.

— Haya, alisema. — Mmefika kwenye daraja la kamba. Chini ni mawe. Mchora ramani atangulie.

— Kwa nini yeye? aliuliza Abdulkadir.

— Si ndiye aliyechoka? Rusha, Kache.

Kache akarusha. Dadu iligonga ukingo wa sinia, ikazunguka, ikatulia.

— Sita, alisema Nabiha.

— Kamba imekatika, alisema Mung'aro.

— Yakhe, sita hiyo, alisema Abdulkadir.

— Nimeiona.

— Basi amevuka.

— Kamba imekatika. Ameanguka. Amekufa.

Chini dukani mzee alikuwa akibishana na mteja, na kila neno lao likasikika.

— Nilirusha sita, alisema Kache polepole.

— Msimulizi ni mimi.

— Ndiyo. Ni wewe. Miaka miwili ni wewe.

Aliinuka, akachukua mkoba wake.

— Nilikuwa na neno la kukwambia leo, Mung'aro. Nilingoja mchezo uishe. Sasa haidhuru, maiti haisemi.

Viatu vyake vikashuka ngazi ya mbao. Nabiha akamkimbilia, akarudi peke yake.

— Wallahi, Mung'aro, hata majini ya hadithini huiheshimu dadu.

— Niacheni. Mwulizeni huyo mlinzi wake.

Jared akatoa pochi, akafungua, akaweka picha juu ya daftari. Msichana mwenye nywele za kusuka, anacheka.

— Huyu ni Purity. Tunafunga ndoa Desemba.

Mung'aro aliitazama picha kama barua ya kufukuzwa kazi.

— Kwa hiyo yale ya askari wako...

— Nilidhani askari akisema atampeleka nyumbani, wewe utaruka useme, hapana, nitampeleka mwenyewe. Nilikuwa nakufungulia njia, ndugu yangu.

— Mbona hukuniambia?

— Uliuliza askari anataka nini. Mimi hukuniuliza.

Tangu hapo Mung'aro hakujua kukaa. Jumapili alitembea kutoka Makadara hadi ngome, kutoka ngome hadi Mbaraki, akarudi njia ile ile kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu. Chumbani akaandika, akachana, akaandika tena. Jumatatu saa nne alifunga mlango wa ofisi, akainua simu.

— Bohari, Mbaraki.

— Ni mimi.

— Kina mimi ni wengi, bwana. Mimi nani?

— Mung'aro. Usikate, Kache. Nina beti nimekutungia.

— Nina barua nne za kupiga chapa.

— Sikiliza huu mmoja tu.

Akakohoa, akasoma kwa sauti aliyoifanyia mazoezi:

— Nyumba nimekujengea, kwa maneno na kwa wino. Leo wanibomolea, kwa kicheko na kwa meno...

— Umemaliza?

— Ziko sita.

— Ziweke. Umelia vizuri, sikukatalii. Beti zako zanambia wewe umeumia, wewe umejenga, wewe umebomolewa. Mimi je? Ndani yake umeniuliza nini?

Mung'aro aliitazama karatasi. Juu mpaka chini hapakuwa na alama hata moja ya kuuliza.

— Basi nikwambie lile neno, alisema Kache, na sauti yake ikashuka. — Kuna mtu wa Malindi anataka kunioa. Jumapili ijayo wazee wake wanaleta kadzama, kile kibuyu cha tembo la mnazi, kwa mjomba wangu, Kaloleni. Na mila zetu wewe wazijua kama mimi. Kabla ya wazee kuonja, msichana huulizwa: tunywe au tusinywe?

— Na utasema nini?

— Mjomba atakuwa mjini Jumamosi. Ataka jibu langu kabla hajapanda gari la kurudi. Mjomba Baya hajui kusoma hata jina lake, Mung'aro, lakini ameniuliza nataka nini. Wewe mwenye daftari zima la maswali umemwuliza mchora ramani juma baada ya juma. Kache hukumwuliza hata siku moja.

— Kache, wewe wataka nini?

— Ahaa. Sasa waniuliza, kwa simu ya ofisi, na msimamizi wangu kanisimamia kichwani. Kwaheri, bwana. Mzigo wenu utatoka kesho.

Simu ikakatwa.

Jumamosi Mung'aro alifika ghorofani kabla ya adhana. Alikataa kahawa. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

— Keti, utatoboa sakafu, alisema Abdulkadir. — Chini kuna udi wa watu.

— Atakuja?

— Nabiha kamwendea. Lakini mimi kama ningeuawa na sita mkononi, nisingekuja.

Jared akafika, kisha Nabiha, na nyuma yake Kache katika gauni la kanisani. Mung'aro hakungoja asalimiwe.

— Dadu ilionyesha sita, alisema. — Niliiona, nikadanganya. Niliona wivu, nikatia mkono mchezoni. Mchora ramani hakufa. Alivuka, na kamba ni nzima. Nataka nyote mjue.

— Sisi tulijua, alisema Nabiha. — Tulikungoja wewe tu.

Kache akapita katikati yao, akaketi penye mto wa msimulizi. Akalivuta daftari, akafungua ukurasa mpya.

— Leo nasimulia mimi. Wewe kaa pale.

Mung'aro akakaa mahali pa wachezaji. Hakuwahi kukaa hapo. Sinia ilionekana kubwa kuliko siku zote.

— Mtu wako aitwa nani?

— Mung'aro.

— Kazi yake?

— Karani. Na mshairi.

— Mshairi tutaona. Aogopa nini?

Abdulkadir alitaka kusema kitu, Nabiha akamfinya.

— Aogopa kuuliza, alisema Mung'aro. — Akiuliza, aweza kujibiwa la. Akisimulia, hakuna wa kumjibu.

Kalamu ya Kache ikaandika.

— Na ataka nini?

Maneno yalimjia kwa vina na mizani, yakapangana mlangoni kama abiria. Akayaacha yote.

— Nataka kukuoa. Na wewe, Kache, nakuuliza wewe, wataka nini?

Nabiha aliisukuma dadu kuelekea kwa Kache kwa ncha ya kidole, utani tu. Kache akairudisha.

— Hili halirushiwi dadu, alisema, akamtazama Mung'aro. — Nataka mtu anayeuliza, kisha akangoja jibu. Mjomba yuko Makadara, hoteli ya chai iliyo mkabala na kituo cha magari. Gari lake laondoka saa kumi na moja na nusu. Nenda ukamwambie ulivyoniambia. Na beti zako acha hapa.

— Saa ngapi sasa?

— Kumi na moja na robo, alisema Jared. — Ndugu yangu, kimbia.

Akakimbia. Alipita kwenye vichochoro akiomba radhi kwa wenye mikokoteni na wauza mihogo, shati likatoka surualini, na alipoingia hotelini jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Mzee mwembamba aliyevaa koti la rangi ya kahawia alikuwa peke yake pembeni, kofia magotini, akipuliza chai katika kisahani.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Wewe si Kache.

— Siye. Yuaja nyuma. Mimi ni Mung'aro.

Mzee Baya akanywa kidogo, akaweka kisahani chini, akamkagua kutoka viatu mpaka nywele.

— Haya, Mung'aro. Wataka nini?

Lilikuwa swali lake mwenyewe. Hakujua kwamba lina uzito namna ile.

— Nataka kesho msinywe, mzee. Na Jumapili ya pili nije na wazee wangu na kadzama yangu, mumwulize Kache tena.

— Na akisema tusinywe?

— Basi itakuwa sita yake. Sitaigeuza.

— Sita gani?

— Ni hadithi ndefu, mzee.

Mzee alikuwa ameacha kumtazama. Alitazama mlangoni. Kache alisimama pale, viatu mkononi, anahema, na nyuma yake vichwa vitatu vilivyojidai vinasoma bei za chapati ukutani.

— Kache, huyu mwenye jasho ndiye?

— Ndiye, mjomba.

— Wa kesho nimwambieje?

— Mwambie asante. Msinywe.

— Na huyu akija? Tunywe au tusinywe?

Kache alimtazama Mung'aro, akamwacha angoje. Naye akangoja.

— Mnywe, mjomba, alisema. — Mnywe mpaka chini.

Mzee Baya akasukuma kiti kwa mguu.

— Haya, kaa, mwanangu. Gari hili liende, kuna la saa moja.

Mung'aro akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile miguu yake ikatulia.