Majivu Hayapimwi

Kila asubuhi, kabla majirani hawajaamka, fundi viatu alifagia nyuki waliokufa chini ya mizinga yake, akawachoma nyuma ya choo. Aliona aibu. Mizinga saba aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikuwa imebaki miwili.

Siku moja shemeji yake, katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki, alipiga hodi. Alikuwa ameshika mifuko midogo ya karatasi.

"Watafiti wanatuomba nyuki waliokufa na vipande vya masega," alisema. "Nyuki wako vipi, shemeji?"

"Wangu wazima kabisa."

"Wazima wapi!" mke wa fundi alidakia. "Kaka, mizinga mitano imekwisha. Nenda kaone majivu nyuma ya choo."

Katibu hakucheka. "Majivu hayapimwi, shemeji. Watie nyuki kwenye karatasi, kwenye plastiki wataoza. Andika namba ya mzinga na tarehe. Watafiti wakipata wako, wangu na wa wenzetu, watajua ugonjwa unapita wapi."

Fundi aliinamisha kichwa. Akamkatia kipande cha sega la mzinga wa tano, uliokufa mwisho.

Baada ya wiki tatu katibu alirudi na majibu. Uso wake haukuwa na habari njema.

"Ni ugonjwa wa majana, watoto wa nyuki. Vijidudu vyake hujificha kwenye masega na asali. Mtu akiila haimdhuru, ila nyuki wanakwisha. Uliwalisha asali ya mizinga iliyokufa?"

 Kila mzinga ulipokufa, fundi alikuwa akiyahamishia masega yake kwenye mizinga iliyobaki. Aliwahurumia nyuki, wasilale njaa.

"Kumbe nimewaua mwenyewe," alisema, machozi yakamtoka.

"Ndiyo," katibu alijibu. "Lakini hukujua."

Walipokagua miwili iliyobaki, wa saba ulikuwa mzima bado, ila wa sita nao ulikuwa mgonjwa. Walichimba shimo, wakauchoma na vyote vilivyokuwa ndani, wakafukia. Fundi hakula siku ile.

Kwenye mkutano wa kikundi alisimama, akaeleza kosa lake lote. Kabla hajakaa, mkunga mstaafu aliinuka nyuma akitafuta kanga yake.

"Unakwenda wapi, mama?" katibu alimuuliza.

"Nyumbani, mwanangu. Sega la mzinga uliokufa nimeliweka kwa wazima leo asubuhi. Nakwenda kulitoa."

Mizinga ya mkunga iliyobaki ilipona, yote minne. Fundi amebaki na mmoja. Kila asubuhi huinama chini yake na mfuko wa karatasi.

"Vipi leo?" mkewe humuuliza.

"Mfuko mtupu," hujibu, na kuukunja vizuri.