Kadi Iliyofichwa Ndani ya Daftari

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwangu. Asubuhi tulikuwa tunaanika mpunga kwenye turubai. Mjukuu wangu Loveness, wa darasa la sita, alikuwa anafukuza kuku kabla ya kwenda shule. Mama yake, binti yangu Melania, alijaribu kuinuka, akakaa chini tena.

"Baba, mguu huu!" Ulikuwa umevimba mpaka juu ya goti, wa moto, ngozi inang'aa.

Jirani yetu Mbuke akaja kutazama. "Huyu kategewa. Kakanyaga dawa ya mtu njiani. Mpelekeni kwa mfumu akachanjwe."

Kwetu mguu ukivimba ghafla husemwa hivyo. Mke wangu Lusia alipovimba mguu nilimpeleka kwa mfumu, yaani mganga wa kienyeji. Siku ya tatu kifua kikambana, akafa, nikabaki mgane. Safari hii nikaita bajaji, tukaenda hospitali, Loveness na daftari lake mkononi.

Daktari Sabiti aliuliza, "Mama Loveness, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna," Melania alijibu upesi, akimtazama binti yake.

Loveness alilibana daftari kifuani.

"Na wewe, mbona unalikumbatia hivyo? Umeficha mayai?" daktari alimtania.

Mtoto akaanza kulia. "Nisamehe, mama. Uliniambia nisiseme." Akachomoa kadi ndani ya jalada. Ilikuwa ya sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi mitatu.

"Baba, Stanslaus asijue!" Melania alilia. "Anataka mtoto wa kiume."

"Mumeo yuko machimboni," nikamwambia. "Mguu uko hapa."

Daktari hakumgombeza mtu. "Wanawake wengi hudungwa sindano hii bila shida. Lakini homoni yake inaweza kubadilisha mafuta ya kwenye damu, na kwa baadhi ya wanawake huenda ikachangia damu kuganda. Siwezi kusema ndiyo iliyoleta hili. Ila lazima nijue. Katika ukoo, kuna mwingine aliyewahi kuvimba mguu hivi?"

Miaka yote nilisema ni wachawi. "Mama yake. Mguu kwanza, kisha kifua."

Akaweka kalamu chini. "Damu ikiganda mguuni inaweza kupanda mpaka kifuani, na hali hiyo inaweza kurithiwa." Mashine ya kupiga picha ya mishipa ilikuwa mbovu, kwa hiyo alimwanzishia Melania dawa ya kuzuia damu kuganda, akampeleka hospitali ya mbali. Wakubwa wanapita hapa kwa magari ya vioo vyeusi, mashine inakaa mbovu! Huko wakaona damu imeganda pajani kweli. Baada ya siku tisa alirudi akitembea, ana vidonge na ushauri wa njia nyingine isiyo na homoni.

Siku ya kurudi kupimwa, Sabiti alimshika Loveness bega. "Heshimu siri ya mama yako. Lakini siri inayomficha daktari ugonjwa, itoe. Umemsaidia mama yako. Na babu yako pia kasema ukweli."

Mtoto alitabasamu. Mimi sikutabasamu. Kadi ile ina mihuri mitano. Mara tano Melania alidungwa, na anasema hata mara moja hakuulizwa mama yake alikufa na nini. Nimemwendea muuguzi aliyemdunga kuuliza sababu, akanituma kwa mganga mkuu. Mganga mkuu kanituma kwa diwani. Diwani kasema nirudi kwa muuguzi. Mimi niliishia darasa la tatu, basi ninyi mnaosoma nisaidieni: kuuliza ni kazi ya nani?