Nani Aling'oa Barabara ya Wubbo?

Dirkje alikuwa amebeba sinia la kahawa. Alipofika mbele ya tangi la samaki alisimama, akaliweka sinia chini.

"Wifi," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Wamenimaliza."

Geesje Nauta aliweka keki yake kando akaenda chumba cha nyuma. Alikuwa mpelelezi mstaafu wa polisi kule Leeuwarden, na siku hiyo alikuwa amekuja Drachten kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Dirkje, mjane wa kaka yake Wubbo. Upelelezi haukuwa akilini mwake hata kidogo. Ilikuwa saa kumi alasiri, na wageni wengi walikwisha kuaga.

Samaki waliogelea bila habari. Mimea ya pembeni ilikuwa salama. Katikati, palipokuwa na lobelia, mimea ya majini ya majani mapana, pamebaki mashimo mchangani. Wubbo ndiye aliyezipanda zile lobelia kwa mstari, fupi mbele na ndefu nyuma, mpaka jicho likaona barabara inayopanda kilima. Tangu hapo kila shina lilikuwa mtoto wa shina lake la kwanza.

"Na waamuzi wa mashindano ya matangi wanakuja hapa kesho," alisema Geesje.

"Waamuzi na wapotelee mbali!" Dirkje alilia waziwazi. "Nilimwahidi Wubbo hazitakufa mikononi mwangu. Nimebaki na nini chake sasa?"

Geesje alimkalisha, akarudi sebuleni. Katika duara la viti walibaki watu watatu: Ruurd, mume wa binti wa Dirkje; Evert, mpinzani wa Dirkje katika chama cha wafugaji samaki; na Tineke, jirani na shoga wa miaka mingi. Tineke alikuwa mikono wazi japo kuna baridi, sweta ameikunja mapajani, mkoba juu yake.

"Lobelia zimeng'olewa," alisema Geesje. "Naomba tusaidiane kabla hamjaondoka. Ruurd, wewe unataka mama mkwe wako ahamie kwenye fleti ndogo ya ghorofani, na tangi halitapita mlangoni."

"Silipendi, kila mtu anajua," alijibu Ruurd. "Lakini shangazi, mimi nisichokipenda nakiuza. Nikang'oe magugu siku ya keki? Nina wazimu?"

"Nyoosha mkono."

Shati lilikuwa kavu mpaka begani, vifungo vimefungwa. Geesje akamgeukia Evert.

"Wewe umelowa."

"Nimenawa."

"Hadi kwapani? Ulikuwa unanawa au unabatizwa?"

Ruurd alicheka, Evert akawa mwekundu. "Haya, nilitia mkono! Nilishika jani moja tu. Lilikuwa teketeke, linayeyuka ukingoni. Nikamwambia Tineke, 'Za shoga yako zinaoza, kesho ataaibika.' Nilifurahi, sikatai. Ila kung'oa sikung'oa, haki ya Mungu."

Geesje alirudi kwenye tangi, akakunja mkono wa blauzi na kupapasa mashimo, moja baada ya jingine. Alitoa kipande cha sufi ngumu ya kijivu, ile ambayo maduka huoteshea mimea kwenye vikopo.

"Wifi, mara ya mwisho ulinunua lini mmea dukani?"

"Dukani?" Dirkje alishtuka hata machozi yakakatika. "Wubbo angefufuka! Sisi tunakata vichwa vya juu, tunavipanda upya, mashina ya chini tunatupa. Dukani sijawahi."

"Basi zilizong'olewa leo hazikuwa za Wubbo."

"Hazikuwa? Niliporudi kutoka kwa mjukuu Groningen niliziona zimenenepa. Macho yangu yana ukungu, lakini…"

"Zililelewa nje ya maji, ndiyo maana zilinenepa, na ndiyo maana zilianza kuoza; majani ya nchi kavu huyeyuka yakizamishwa," alisema Geesje, na sasa alikuwa akiwaambia wote waliosogea mlangoni. "Aliyeng'oa hakuiba. Alificha. Aliambiwa na Evert kwamba zinaoza, akajua kesho waamuzi watauliza. Ulipokwenda kumwona mjukuu, wifi, ufunguo ulikuwa na nani?"

Dirkje alimgeukia Tineke, na Geesje akafuata macho yake.

"Tineke, mbona hukuvaa sweta yako, au mkono wake umelowa? Na huo mkoba unavuja."

Tineke alitazama chini. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye zulia.

"Nilitaka ukute pazuri," alisema. "Nilikuona ukikata vichwa kila mara. Nikakata, kama ninavyokata ua wa bustani. Vichwa nikavitupa, nikangoja vishina vichipue. Vikabaki vijiti, Dirkje! Nikaona haya, nikaving'oa, nikanunua nyingine. Pipa la taka lilikwisha kuzolewa."

"Ulizitupa." Dirkje aliinuka. "Umekaa kwangu unakula keki, unaniacha nilie kwamba nimeibiwa! Ungeniambia ningekutukana siku moja, yakaisha. Uwongo ndio unaoniuma, Tineke. Ninao wangapi wa kuwaamini?"

Tineke alilia bila kujitetea. Evert alikohoa.

"Zangu ni za Wubbo," alisema.

"Zipi?" aliuliza Dirkje.

"Zile ninazojidai nimeziotesha kwa mbegu. Wubbo alinipa vichwa vyake, na hakunisuta hata mara moja. Na miye nikazidi kujisifu." Alichukua koti lake. "Nakwenda kukata."

Alirudi kabla giza halijaingia, na ndoo yenye vichwa vya lobelia vikielea. Dirkje aliinamisha uso karibu kabisa, akagusa jani kwa kidole, akaligusa tena. Kisha aliisukuma ndoo mbele ya Tineke.

"Vua saa. Utazipanda wewe."

"Mimi? Dirkje, zikifa tena?"

"Zikifa," alisema Dirkje, akimsogezea kiti, "utaniambia siku hiyohiyo."