Kapu Juu ya Kapeti Jipya

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Ghaniya aliwasha makaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake nyumbani, na hakupenda mtu aiguse. Aliyapepea makaa mpaka yakaiva, akayatia kwenye chetezo cha udongo, akatupia punje za ubani juu yake, kisha akapita chumba kwa chumba. Alifukiza sebule, akafukiza kanzu za baba zilizotundikwa nyuma ya mlango, akamfukuza mdogo wake Harithi kwa moshi mpaka kwenye ngazi huku mtoto akipiga chafya na kucheka. Ghaniya alikuwa na miaka kumi na miwili. Majirani wa mtaa wao mjini Nizwa, Omani, walisema hawahitaji saa ya ukutani, pua zao zinatosha.

Wiki ile nyumba ilikuwa imechangamka kwa sababu ya gari. Mama yake, Bi Zuwena, muuguzi wa hospitali, alikuwa amenunua gari jipya la kupandia milima. Alilinunua kwa ajili ya safari moja tu: kwenda kumwona mama yake kijijini juu ya mlima. Njia ya huko ilipita katika bonde la mawe, na mwaka uliopita gari lao la zamani lilikuwa limepasuka tumbo humo humo, oili yote ikamwagika, nao wakarudi mjini wakivutwa kwa kamba. Tangu siku ile bibi alikuwa akiuliza kwenye simu, "Mnakuja lini?"

Gari lilipofika, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Baba, Bwana Mahfudhi, alitaka ndani pambwe. Mjomba Hilali, mdogo wake mama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefungua gereji, alitaka chini pakingwe kwa bamba la chuma.

"Chini kule nani atapaona?" baba aliuliza.

"Mawe yatapaona, shemeji," mjomba akajibu.

"Wewe unataka kunifungia sinia la pilau chini ya gari, halafu uniambie ni kinga!"

"Ni gari la mke wako, si lako," mama alisema bila kuinua macho kwenye chai yake. "Fanyeni yote mawili, mnipumzishe."

Basi yakafanyika yote mawili. Baba alilipeleka gari kwa fundi wa viti, likarudi na siti za ngozi rangi ya tende, milango iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, na kapeti nene ambalo mtu alitamani kulilalia. Papo hapo baba akatoa amri kwamba viatu vivuliwe nje. Kisha mjomba akaliinua gari kwa jeki na kulifungia bamba lake, kuanzia puani mpaka katikati ya tumbo. Alipotoka uvunguni, kanzu yake ya kazi ilikuwa nyeusi tii, lakini meno yote yalikuwa nje.

"Mabinamu wanne wanaliangalia gari hili," alimwambia Ghaniya huku akifuta spana. "Likipanda na kushuka salama, wote wananiletea magari yao. Likiumia, mjomba wako ataiuza gereji na kurudi kuchunga mbuzi."

Ghaniya alicheka. Alimpenda sana mjomba huyu, ambaye hakuwahi kumwambia kwamba gereji si mahali pa wasichana.

Mama naye alikuwa na amri yake. "Moto usiingie garini. Mkitaka harufu nzuri, kuna chupa ya manukato."

Lakini jioni ya kuamkia safari, Ghaniya alisimama uani na chetezo chake mkononi, akilitazama gari. Lilinuka gundi na ngozi mpya. Alimfikiria bibi akifunguliwa mlango na kupokelewa na harufu ya gundi, akaona ni aibu. Manukato ya chupa ni ya wavivu, alijiambia. Mara moja tu, kwa kasi, wala mama hatajua.

Alikiweka chetezo sakafuni nyuma ya siti ya dereva, akaufunga mlango ili moshi usitoke. Mlango ulikuwa mzito kuliko wa gari la zamani. Ulijibamiza kwa kishindo, chetezo kikayumba, na kaa moja likaruka likatua juu ya kapeti.

Alipoufungua tena, kapeti lilikuwa linatoa moshi mweusi. Alikimbilia birika la kutawadhia, akamwaga maji yote. Moto ulizimika mara moja. Kilichobaki ni tundu jeusi, kubwa kama mdomo wa kikombe cha kahawa, na harufu kali ya plastiki iliyoungua. Alitaka kwenda kumwambia mama, akafika hata mlangoni, lakini akamsikia baba sebuleni akimsifia mgeni kapeti lake, akageuka.

Alirudi garini, akapuliza nusu ya chupa ya manukato. Kisha akachukua kapu la mikate na halua za kumpelekea bibi, akalikalisha barabara juu ya tundu.

Asubuhi mama alifungua mlango akavuta pumzi. "Mashallah! Ghaniya, umepuliza manukato?"

"Nimepuliza, mama." Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, lakini aliyasema akilitazama kapu.

Walianza safari kwa furaha. Mama aliendesha, baba alikaa pembeni yake akimwelekeza bila kuulizwa, na Ghaniya na Harithi wakakaa nyuma. Mjomba Hilali aliwafuata na pikapu yake kuukuu iliyobeba mbuzi wa bibi. Harithi alitaka kuweka miguu palipokuwa na kapu.

"Usiliguse!" Ghaniya alifoka.

"Kwani kuna nini humo, nyoka?"

"Kuna halua. Utaikanyaga."

Lami ilipokwisha, jua lilikuwa limekwisha kupamba moto. Gari lilichemka, manukato yakaisha nguvu, na kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa chini ya siti. Harithi akainua pua.

"Kitu kinaungua," alisema.

Baba akanusa. Akanusa tena, na uso ukambadilika. "Simamisha gari! Simamisha, mama Ghaniya! Ni lile bamba. Limegusa bomba la moshi!"

Walishuka wote mbiombio. Mbele yao bonde lilikuwa limejaa mawe, mengine yenye ukubwa wa kondoo. Mjomba alisimamisha pikapu nyuma yao, akaja akikimbia, akajilaza juu ya kokoto za moto na kuingia uvunguni. Alikaa huko muda mrefu, kisha sauti yake ikatoka.

"Sioni kitu, shemeji. Bamba na bomba viko mbali. Hapa hata mkono unapita."

"Basi pua zetu zinasema uongo? Nilisema mimi! Nilisema sinia hili litatuunguza!"

"Baba Ghaniya, taratibu," mama alisema.

"Taratibu nini? Watoto wangu walikuwamo humu!"

Mjomba alitoka uvunguni. Ghaniya alidhani atarudisha utani, kama kawaida yake, lakini hakufanya utani. Alikuwa amenywea.

"Shemeji ana haki," alisema polepole. "Kama nimekosea, nimekosea, na watoto wanasafiri humu. Nalitoa sasa hivi. Na wale mabinamu nitawaambia mwenyewe wasiniletee magari. Afadhali mbuzi."

Alikwenda kuchukua spana.

"Ukilitoa tutapitaje hapa?" mama aliuliza akitazama bonde. "Si yatatupata ya mwaka jana?"

"Hatupiti," baba akasema. "Tunarudi."

Mama aliutazama mlima, kule juu ambako bibi bila shaka alikuwa amekwisha kutandika mkeka wa wageni. Kutoka uvunguni ikasikika spana ikishika nati ya kwanza.

Ghaniya aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mtu anajichoma mgongo kwenye kokoto kwa kosa ambalo si lake, na yeye, anayemwita mjomba kipenzi, amesimama anatazama. Alifungua mlango wa nyuma, akalishusha kapu chini.

"Mjomba, acha!" alipiga kelele. "Usilifungue! Si bamba. Ni mimi!"

Wote wakageuka. Tundu jeusi lilikuwa linawatazama kutoka kwenye kapeti la baba, na harufu ikapanda waziwazi.

"Niliingiza chetezo jana jioni," Ghaniya alisema, machozi yakimtiririka. "Nilitaka bibi akute harufu nzuri. Kaa likaruka. Mama alikataza, mimi nikafanya, halafu nikaficha. Mjomba hana kosa lolote."

Baba aliinama, akaligusa tundu kwa kidole. "Kapeti langu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo mno.

Harithi alianza kucheka, mama akamkata jicho, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kumtoka mjomba uvunguni. "Mahfudhi! Kumbe anayetaka kutuunguza ni wa kwako mwenyewe!"

Baba alijikaza, akashindwa. Alicheka huku akijishika kichwa. Kisha akampa mjomba mkono kumvuta atoke uvunguni, akamkung'uta vumbi mgongoni. "Nisamehe, shemeji. Nilikuvamia nawe huna hatia."

"Kaza nati yako, Hilali," mama alisema, "tupande kabla pilau la bibi halijapoa."

Waliingia bondeni polepole. Mama aliushika usukani kwa mikono miwili, jiwe baada ya jiwe. Katikati ya bonde tairi la mbele liliteleza, gari likashuka ghafla, na chini ya miguu yao ukalia mshindo mkubwa uliowanyamazisha wote, hata baba. Mama alisimama kidogo akisikiliza. Injini ilinguruma vilevile. Akakanyaga mafuta, nao wakatoka upande wa pili.

Kijijini bibi aliwakumbatia wote, mbuzi naye akapata sehemu yake. Lakini kabla ya kula, baba alivua kilemba na kujilaza chini ya gari kwa hiari yake mwenyewe. Chini ya bamba palikuwa na alama ya jiwe, ndefu na ya kina. Juu yake, chombo cha oili hakikuwa na hata mkwaruzo.

Mama alimwita Ghaniya, wakachuchumaa pamoja.

"Umeiona hii?"

"Nimeiona, mama."

"Hii ndiyo kazi ya bamba. Jiwe likija, lenyewe linapokea, gari lipone. Chuma kimeumbwa kwa hilo. Jana jioni wewe ulikuwa na jiwe lako, mwanangu. Badala ya kulipokea, leo ulimweka mjomba wako mbele alipokee yeye. Mjomba si chuma."

Ghaniya alilia, safari hii bila kujificha. "Sitafanya tena, mama."

"Najua. Ulisema kabla nati haijatoka. Ungechelewa kidogo tungerudi nyumbani, na mjomba angekwenda kuchunga mbuzi kweli. Kosa ukilisema mapema, huishia kwako. Ukilificha, huanza kutafuta wengine."

Mabinamu wote wanne walileta magari yao kwa Mjomba Hilali. Wageni walipokuja kulitazama gari la mama, baba hakuanza tena na kapeti. Alichukua tochi akawaonyesha alama iliyoko tumboni, akiisifu kama vile bamba lilikuwa wazo lake. Kisha wageni waliingia ndani, wakasifu ngozi na uzi mwekundu, mpaka mmoja akaona kiraka kilichoziba lile tundu nyuma ya siti ya dereva.

"Na hapa pamefanywa nini?"

Kila mara Ghaniya alijibu yeye, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Hapo ni mimi."