Breki Zilizonyamazishwa

Siku Kivuti alipokutana na Kanana, nusu ya soko la Gakoromone mjini Meru iligeuza kichwa, na si kwa sababu ya uzuri wa mtu. Probox yake nyeupe, imejaa magunia ya ndengu kutoka Kiritiri, ilisimama mbele ya vibanda vya sare za shule kwa mlio wa breki wa kuuma meno. Muuza kabeji alijiziba masikio. Kanana, aliyekuwa nje ya kibanda chake akitundika sweta, alishika kiuno, akaliangalia gari, kisha akamwangalia mwenyewe.

"Ipe maji hiyo gari," alisema. "Inakufa na kiu."

Kivuti alicheka akasahau gunia alilokuwa anashusha. Kanana alikuwa amevaa rinda la manjano, futi ya kupimia shingoni, nywele kazifunga kwa kitambaa cheusi, na akicheka mwanya wake ulionekana wote. Kivuti alimjibu kwamba magari ya Kiritiri yamezoea ukame, huo mlio ni kuimba tu. Wiki iliyofuata alirudi Meru na nusu gunia la ndengu na chupa moja ya asali, na asali haikuwa ya kuuza.

Basi yakaanza. Simu kila jioni, umekula, umekula nini, na nani. Kanana alimtania kwamba kwao wanakula muthokoi hadi wanaota mahindi kichwani, naye Kivuti alimwita mama ndizi. Walipendana kweli, hilo nisiwanyime. Tatizo lilikuwa Mzee Thuranira, baba yake Kanana, mkulima wa kahawa wa Githongo, ambaye aliposikia habari hizo aliuliza kama kweli huko kwenye makaa na mbuzi kuna mwanamume wa kumwoa binti yake. Maneno hayo yalimfikia Kivuti. Yalimkaa rohoni, hakuyasema.

Ndiyo maana siku ya wazee kwenda kubisha hodi Githongo ilipopangwa, Kivuti hakulala akiwaza jambo moja tu: kuingia boma la wakwe na gari linalopiga kelele. Kanana naye alikuwa na wazo lake. Alimpigia simu akamsihi abadilishe breki kabla ya kuja, kwa sababu mteremko wa kutoka kwao hadi lami si wa mchezo. Kivuti alisema sawa, mrembo, hilo limekwisha.

Alilipeleka gari kwa Ngari, fundi wa pale Kiritiri, rafiki yake tangu shule ya msingi. Ngari alifungua gurudumu akamwonyesha. Pedi za breki zilikuwa zimeisha na diski zinayoibana imechimbika mifereji. Dawa kamili, alisema, ni pedi mpya na diski ikachongwe Embu, lakini kwa foleni ya huko gari litalala siku kadhaa, kwa hivyo safari ya Githongo isogezwe. Kama hawezi kusogeza, kuna pedi kuukuu zilizobandikwa upya. Hizo anazo hapo hapo, zitashika, ila atembee polepole na avumilie, kwa sababu zitapiga kelele siku za kwanza mpaka zizoee diski.

Kusogeza siku? Kivuti aliwaza Mzee Thuranira akisema ndio hao, hata siku hawawezi kushika. Na hizo nyingine, zina kelele. Akauliza ni kitu gani hasa kinacholia. Ngari akamwonyesha kijiulimi cha chuma kilichoshikana na pedi, kinachogusa diski pedi zikiisha ili dereva ajue.

"Kikunje," Kivuti akasema.

"Kimewekwa kikuambie."

"Nimeshaambiwa. Sasa kinyamaze."

Ngari alibishana naye sana, akasema hatakigusa. Kivuti alichukua koleo akakikunja mwenyewe.

Asubuhi ya safari alivaa suti ya buluu na viatu vya kung'aa. Ami yake Gedion, msemaji wa wazee, alikaa mbele na kofia yake ya heshima, wazee wawili nyuma. Gari liliteleza hadi ndani ya boma la Githongo bila hata kunong'ona. Kanana alitoka mbio na gauni la kijani alilojishonea, akainama dirishani, uso wote furaha.

"Umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

Neno moja, na lilimtoka kirahisi kama salamu. Angesema bado, angeona aibu kidogo, wazee wangeshushwa kwa gari jingine, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mwanamume akishavaa suti, masikio huziba.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mukimo ulipakuliwa, Gedion akachekesha watu, na Mzee Thuranira akalegea hata akauliza habari za mvua ya Kiritiri. Alasiri, Gladys, mama yake Kanana, alisema ana mkutano wa akina mama wa kanisa huko chini kwenye lami. Thuranira mwenyewe ndiye aliyesema mkwe ampeleke. Mkwe! Kivuti alisikia neno hilo, funguo zikawa mkononi. Gladys alikaa nyuma, Kanana kando yake.

Katikati ya mteremko alikanyaga breki, na chini kukasikika chuma kikisaga chuma. Alikanyaga tena. Gari lilizidi kwenda. Mbele kulikuwa na wanawake wamebeba kuni, na Kivuti akageuza usukani, akaligongesha gari kwenye ukingo wa shamba la kahawa. Lilisimama limeinama, gurudumu likitoa moshi. Kanana alichubuka paji la uso. Mkono wa Gladys ulikuwa umevunjika, na mama wa watu alikuwa akilitaja jina la Yesu taratibu, bila kupiga kelele.

Baada ya Gladys kupelekwa hospitali, fundi wa karibu alifungua gurudumu. Kanana alikuwa amesimama pale, damu imemkauka usoni. Fundi alisema hizi pedi zimeisha zamani, na hiki kijiulimi mtu amekikunja kwa mkono. Hakujua anamwambia nani. Kanana hakulia wala hakumtukana Kivuti. Alimwambia awachukue wazee wake, atafute gari lingine, aende.

Kivuti alipiga simu mpaka akachoka. Na mtu asiyejibiwa hujijibu mwenyewe. Alijiambia ni ule ule ubaguzi, watu wa kahawa walikuwa wanatafuta kisababu tu na sasa wamekipata. Kanana aliposhika simu hatimaye, Kivuti hata salamu hakumpa.

"Semeni tu ukweli," Kivuti alisema. "Hamtaki mtu wa ukame."

Kanana alimjibu.

"Mimi nilikuchagua wewe na ukame wako wote, Kivuti. Nilimbishia baba kwa ajili yako. Hiyo kelele nilikuwa nimeizoea, nilikuwa nikiisikia kule sokoni najua umefika. Nilikuuliza swali moja, ukanidanganya, halafu ukambeba mama yangu."

Akakata. Kivuti alikaa kwenye magunia yake akalia, mtu mzima, mchana kweupe.

Alilipeleka gari Embu. Pedi mpya, diski ikachongwa, akangoja foleni kama wengine. Lakini alijua gari lilikuwa kazi rahisi. Ami Gedion alisema lazima warudi Githongo na mbuzi wa kumpa pole Gladys, na maneno alikuwa ameshayapanga: watasema fundi aliwahadaa, jambo liishe bila mtu kuvuliwa nguo.

Walikaribishwa ndani, Gladys amekaa na mkono kwenye plasta. Gedion alisimama, akakohoa, akaanza habari za fundi. Kivuti alimkata kauli. Kijana kumkata ami yake mbele ya wakwe, Gedion alibaki mdomo wazi. Kivuti alisema fundi alimwonya. Alisema yeye ndiye aliyekunja kile chuma kwa mkono wake, na aliulizwa na Kanana akasema uongo. Alimwomba Gladys msamaha akiwa amepiga magoti.

Thuranira hakumtazama. Alisema vijana watoke, wazee wabaki.

Kanana alikuwa nje, akimenya viazi kwenye beseni. Kivuti alisimama mbali kidogo, hakujua aweke wapi mikono.

"Nimesikia," Kanana alisema. "Na nakupenda bado, hilo ndilo linanichosha. Lakini naogopa. Kila utakaloniambia nitakuwa natafuta kilichokunjwa." Aliweka kisu chini. "Niambie lingine. Lile ambalo ungependa nisijue kabisa. Ukisema hakuna, nenda."

Kivuti angeweza kusema hakuna. Nani angejua? Aliangalia mlango wa nyumba, akaangalia ardhi.

"Nina mtoto," alisema. "Huko Siakago. Mama yake anaitwa Veronicah, tuliachana kabla sijakujua. Namwona mtoto mara moja moja."

Kanana alisukuma beseni kando.

"Msichana?"

"Msichana. Anaitwa Njoki."

"Jina la nani?"

"La mama yangu."

Kanana alielewa. Kwao Kivuti binti wa kwanza ndiye hupewa jina la nyanya yake, na halipewi mtoto ambaye baba amemkana. Huyo alikuwa amepewa jina hilo, akawekwa mahali pake, na mahali hapo hapakuwa tena pa mtoto wa Kanana. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye ungaunga wa viazi.

"Nenda ukamwambie baba hilo pia," alisema. "Sasa hivi, kabla hawajala."

"Atanifukuza."

"Anaweza."

"Na nikifukuzwa?"

Kanana aliokota kisu, akachukua kiazi kingine.

"Utanikuta hapa," alisema.

Kivuti alivuta pumzi, akageuka, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.