Ufunguo Uliotupwa Dirishani

"Tubadilishe, Bibi. Filamu yenyewe ya kitoto," karani akasema, mkono tayari kwenye rimoti.

"Iache," nikamwambia. "Spana hajacheka tangu siku ile."

Spana ni mjukuu wangu wa kike, fundi wa magari. Jina alilipata gereji. Karani ndiye mchumba wake. Mchana huo tulikuwa watatu sebuleni, mimi napachika vifungo kwenye ovaroli ya Spana, wao kwenye kochi.

Siku ile ni Jumamosi ya wiki mbili nyuma, karani alipotakiwa aje kujitambulisha. Tulimsubiri tangu saa nne, wajomba wamebanwa na suti zao, mpaka meseji ikaingia kwa Spana: "Breki ulizonifungia zimegoma mteremkoni, majambazi nyuma yangu. Nimeponea chupuchupu. Msinisubiri."

Spana alilia mpaka macho yakavimba. Gari la karani lilipoletwa alifungua magurudumu yote manne, akakuta breki nzima, asiamini macho yake; akajiambia kuna kosa lake asiloliona. Akasema mkono uliotaka kumuua mtu wake haufai kushika spana. Akaacha kwenda gereji. Mteja akimpigia, anamwelekeza kwa fundi mwingine.

Kwenye runinga jambazi akakata mpira wa breki kwa mkasi.

"Hata tone la mafuta halikudondoka," Spana akasema.

Dereva akawa anabadilisha gia tu. Spana akahesabu mpaka ya saba, na gari lenyewe la gia tano. Tairi zilipolia kwenye vumbi, akacheka kweli. Karani hakucheka.

Kisha dereva akachomoa ufunguo, akautupa dirishani, akaendelea kukata kona mpaka akasimama kwenye lundo la mchanga.

"Uongo mtupu. Ukichomoa ufunguo ukakata kona, usukani unajifunga. Huyo sasa hivi angekuwa korongoni."

Sindano ikanisimama mkononi.

"Mbona mwenzio alifanya hivyohivyo? Alinisimulia mwenyewe, wewe ukiwa chini ya gari. Hata lundo la mchanga alilitaja."

"Bibi amechanganya," karani akasema.

"Sijachanganya, baba. Masikio yangu mazima."

Spana akazima runinga.

"Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

Karani akazunguka mbuyu weee, mara simu, mara homa. Spana akauliza tena, sauti ileile.

"Nyumbani," akasema mwishowe, kichwa chini. "Mama alisema hawezi kuwaambia watu kwamba mkwe wake analala chini ya magari. Nikakosa la kusema."

"Ukalipata. Breki zangu."

"Sikutaka uumie."

"Wiki mbili najiona muuaji. Ulikuja hapa ukanifuta machozi kwa leso yako, na huku unajua."

Mimi nikarudisha sindano kwenye kifungo. Kesi haikuwa yangu.

Spana akaivuta ovaroli mapajani pangu, kifungo kinaning'inia.

"Bibi, kata uzi."

Nikakata. Akaivaa juu ya gauni lake, akafunga vifungo vitatu vilivyokuwepo. Akaokota ufunguo wa gari mezani, akamwekea karani kiganjani.

"Breki nilizokufungia nzima. Zitakufikisha kwa mama yako."

Tukamsikia karani akishuka mteremko na gari lake. Kwenye makutano akakanyaga breki, na gari likasimama palepale.