Mke Wangu Alinishtaki kwa Watu wa Rika Langu

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka hapa Kinoru, mke wangu Ednah alinisaliti.

Nilitoka chumbani nikawakuta Kithaka na Ireri sebuleni. Tulitahiriwa siku moja, sisi watatu.

Mezani palikuwa na barua yangu ya hospitali... imefunguliwa.

"Nimewaita mimi, Baba Gatwiri," Ednah alisema. "Miezi miwili unaniambia ni mgongo."

Ndugu msomaji, kwetu mke akishindwa na mumewe humshtaki kwa watu wa rika lake. Huwezi kuwafukuza, wala kuondoka kabla hawajamaliza. Nilikuwa mfungwa katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.

"Keti, Mwalimu," Ireri alisema. "Leo wewe ndiye umeitwa ofisini."

Niliketi. Shule ya bweni ilinifunza kuvumilia na kunyamaza.

"Saratani ya tezi dume," Kithaka alisoma polepole. "Haijatoka nje ya tezi. Upasuaji au mionzi. Umechagua nini?"

"Ninafikiri."

"Tangu Januari?"

"Naweza kubaki navuja mkojo. Naweza kukosa nguvu. Nitakuwa mwanamume gani?"

"Aliye hai," Ednah alijibu. "Mimi sitaki kuwa mjane wa shujaa."

Nilimgeukia Kithaka. "Wewe ungekubali?"

"Mimi sikupewa nafasi ya kuchagua. Yangu imefika kwenye mifupa."

Ireri aliangalia viatu vyake. Alikuwa akijua.

"Tangu lini?"

"Dalili nilizipata miaka mitatu iliyopita. Nilipanga kupimwa Jumatatu. Jumamosi, kwenye sherehe ya mahari ya binti yako, ulishika kipaza sauti ukasema mwanamume anayekubali kupimwa tezi arudishwe akatahiriwe upya. Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote. Jumatatu nikaenda shambani."

Nilisogeza kiti changu karibu naye.

"Nikulipe nini, Kithaka?"

"Ulisema mbele ya watu. Lipa mbele ya watu."

Wiki hiyo nilitia sahihi fomu za matibabu, na baadaye nikaanza mionzi.

Jumapili moja mwezi wa Juni, Kithaka akiwa kwenye kiti cha mbele, niliomba kipaza sauti kanisani.

"Nina saratani ya tezi dume. Ninatibiwa. Usiku ninavaa nepi. Maneno niliyosema kwenye mahari yalikuwa ya kipumbavu, na yamemwumiza mtu wa rika langu."

Hakuna aliyecheka.

Wanaume wenzangu mnaosoma haya, kuvumilia kisu cha tohara ni ujasiri. Kuikimbia barua ya daktari ni woga, hata ukiuita uvumilivu.

Nilishuka madhabahuni. Kithaka alinipa mkono wake uliokonda.

"Umelipa," alisema.

Tulimzika mwezi wa Agosti.